Maswali ya wajawazito: "Boti inakuja Ijumaa, nisubiri?"

Mimi ni mkunga mkoani Kigoma. Haya ni maswali manne niliyoletewa.

Nina mimba ya miezi minane, naishi mwambao wa ziwa wilayani Uvinza. Miguu imevimba, mama mkwe anasema ni dalili ya mtoto wa kiume. Tangu juzi kichwa kinagonga, jana niliona vimulimuli. Boti inakuja Ijumaa, nisubiri?

Usisubiri, dada yangu. Miguu kuvimba jioni huwapata wengi. Lakini kichwa kisichotulia, vimulimuli machoni, uso kuumuka, pete kugoma kutoka au maumivu chini ya chembe ya moyo, hiyo inaweza kuwa presha inayoelekea kifafa cha mimba. Nenda zahanati leo, wapime presha na mkojo. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, pamoja na dalili zako hizo, usikubali kurudishwa nyumbani ukapumzike. Ipo sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege, na namba 115 ya m-mama hupigwa bure kuomba usafiri wa dharura. Mume wako naye aongee na mwenye boti kabla ya giza, na aulize mafuta. Nimewahi kumpokea mama alfajiri, hajitambui. Boti ilikuwepo tangu magharibi, kilichokosekana ni petroli.

Mke wangu, miezi saba, alitokwa damu bila maumivu, ikakata. Shangazi anasema tusihangaike. Tupo Kasulu.

Hangaikeni, kaka. Damu isiyouma miezi ya mwisho mara nyingi ni kondo la nyuma lililokaa chini, kwenye mlango wa kizazi, na mara ya pili inaweza kumwagika. Mpeleke hospitali yenye ultrasaundi na chumba cha upasuaji, ukiwa na ndugu wawili watatu wa kuchangia damu. Mkifika tu semeni alitokwa damu, ili asipimwe kwa vidole ukeni kabla ya ultrasaundi.

Kliniki napimwa uzito tu, naambiwa rudi mwezi ujao. Nidai nini?

Presha kila hudhurio. Mkojo. Wingi wa damu, kaswende, VVU. Vidonge vya SP vya kukinga malaria, maana huku kwetu haina msimu wa kupumzika. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua manane.

Kisha fungua kadi yako uangalie safu ya presha. Niliwahi kufanya kazi kituo ambacho mashine iliharibika, na kila mama akaandikiwa 110/70. Kalamu mojawapo ilikuwa yangu, na mpaka leo inaniuma. Kwa hiyo kama hukufungwa kile kitambaa mkononi na namba imeandikwa, uliza bila woga: "Nesi, hii mmeipima saa ngapi?"

Uzazi uliopita nesi alinifokea nikiwa kwenye uchungu. Safari hii nataka nizalie nyumbani.

Pole sana, mama. Kufokewa si sehemu ya huduma. Mweleze mganga mfawidhi, na uulize mapema kama unaruhusiwa kuingia na ndugu. Ila nyumbani usizalie. Mtoto akishatoka, ndani ya dakika moja tunachoma oksitosini ili kizazi kijikaze. Bila hiyo damu inaweza kukumaliza kabla hata gari halijapatikana. Njoo na mama yako mzazi, akushike mkono.