Barua kwa mwanangu: uliza kwanza kama kuna jiko

Mbukwa, mwanangu.

Juzi uliponipigia nilikuwa Majengo sokoni, kelele zimejaa, nikakujibu nusunusu. Uliniuliza hivi: "Mama, hizo wiki tatu za Ujerumani na Austria nikilala hosteli na watu nisiowajua, nitakuwa salama? Na nitakula nini hela isiishe njiani?" Nimelala na swali lako siku mbili. Nikujibu sasa.

La kulala lisikutie hofu. Kitanda cha dabodeka umekizoea miaka mitatu ya chuo pale UDOM. Tofauti ni kwamba kule wenzako wa chumbani wanabadilika kila usiku. Unapolipia kitanda, soma vizuri: kuna vyumba vya mchanganyiko na vingine vya wanawake tu. Chagua cha wanawake, hata kama bei imezidi kidogo. Pasipoti na hela lala nazo mwilini. Kabati utapewa, kufuli nenda nalo lako. Beba ndala za bafuni, na kama unaondoka alfajiri, panga begi usiku, usije ukawaamsha watu kwa kuchakurachakura mifuko saa kumi na moja.

La chakula ndilo limenikalisha niandike.

Mwaka 1997 nilipokwenda Ujerumani kwa yale mafunzo ya uuguzi, bado walikuwa wanatumia hela ya Mark. Nilifika mji mmoja Jumamosi jioni, nimechoka, nikalala bila kula. Asubuhi natoka kutafuta mkate, kila duka limefungwa. Kule Jumapili maduka hufungwa kwa sheria, na Austria ni hivyo hivyo. Mimi nilikuwa na karanga tu, zile alizonikaangia bibi yako. Nikazitafuna mpaka zikaisha. Jioni nikasimama kwenye mlango wa jiko la pale hosteli, nanusa vitunguu, nashindwa kuingia. Nilidhani ni jiko la wenye nyumba. Dada mmoja aliyekuwa anakoroga sufuria akanitazama, akavuta kiti, akanipakulia tambi. Ndipo nikaelewa kwamba jiko lile ni la wageni wote, mimi nikiwemo. Nilishinda njaa kutwa nzima na jiko liko hatua chache kutoka kitandani kwangu, kwa sababu niliona haya kuuliza.

Wewe uliza, na uulize kabla hujalipa: "Jiko la wageni lipo?" Hosteli nyingi za watu binafsi wanalo. Zile za chama cha hosteli za vijana hutaka uwe mwanachama, na nyingi hukupa kifungua kinywa lakini jiko la kupikia wewe mwenyewe hakuna. Tena usijione umeingia mahali pa watu duni. Hosteli hizi zilianzishwa na mwalimu wa shule ya msingi wa Kijerumani, Richard Schirrmann, aliyetaka wanafunzi wanaotembea kwa miguu wapate pa kulala kwa bei nafuu. Ile ya kwanza ya kudumu aliifungua mwaka 1912 ndani ya ngome ya Altena. Tangu mwanzo zimejengwa kwa ajili ya msafiri kama wewe.

Kwenye friji, andika jina lako na siku utakayoondoka juu ya mfuko wako, la sivyo wafanyakazi wanatupa. Huwa kuna rafu ya vitu walivyoacha waliotangulia: chumvi, mafuta, nusu pakiti ya tambi. Iangalie kabla hujaenda dukani.

Dukani hakuna fungu wala sado, na hakuna "mama niongezee". Bei imeandikwa, basi. Lakini chini ya bei kubwa kuna maandishi madogo, inama uyasome: hiyo ndiyo bei ya kilo. Utakuta pakiti mbili za mchele, ndogo inaonekana rahisi, kumbe kwa kilo ndiyo ghali. Mimi huwa nasoma yale madogo tu. Maduka ya Aldi (Austria yanaitwa Hofer) na Lidl yako karibu kila mji na bei zake zinabebeka. Uwe na sarafu ya euro 1 ya kufungulia toroli, utaipata ukilirudisha. Mfuko nenda nao. Sisi tuliacha ya plastiki tangu Juni 2019, kwa hiyo hilo halitakusumbua. Mhudumu wa kaunta anapitisha vitu haraka sana na kupanga unapanga mwenyewe. Ukinunua maji ya chupa ya plastiki, utalipa senti 25 juu ya bei, kama tunavyoacha hela ya chupa ya soda hapa mtaani. Usiitupe, irudishe kwenye mashine ya dukani. Ila ya nini? Maji ya bomba kule yanakunywika.

Mchele mwingine umefungwa ndani ya vimfuko vyenye matundu, wao wanauchemsha na mfuko wake. Nilipokwenda tena mwaka 2017 na kwaya niliuchana, nikaupika wali wa kawaida na dengu, ukaiva vizuri tu. Mayai, kabichi, karoti, viazi: hivyo vinakutosha. Jumamosi nunua vya siku mbili. Ikikubana kabisa Jumapili, maduka ya ndani ya stesheni kubwa za treni huwa wazi, ila bei iko juu.

Nisisahau, bibi yako ameshaanza kukausha nyama ya safari yako. Nitazungumza naye mimi. Nyama na maziwa kutoka huku haviruhusiwi kuingizwa Umoja wa Ulaya kwenye begi la msafiri, watavichukua uwanja wa ndege. Badala yake nimekuwekea majani ya chai na iliki. Ukipika chai, mpikie na wa kitanda cha jirani.

Bima ya safari wanayotaka kwenye viza ni ya angalau euro 30,000, ikate wiki hii usingoje.

Ijumaa ukija na SGR nitakuwa stesheni. Kufuli ninalo, lile dogo la shaba nililotumia mimi, lina funguo mbili. Moja utaondoka nayo, nyingine nitaifunga kwenye kamba uivae shingoni.

Mama yako.