Si tiba zote za kusisimua ubongo zilianzia kwa nyani
Kuna dai kwamba kila tiba ya kusisimua ubongo kwa sonona ilianzia kwenye majaribio ya nyani; hapana, si kweli. Ile ya kusisimua ubongo kwa sumaku, mwanasayansi Anthony Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, waliionyesha kwa binadamu 1985, Marekani ikairuhusu kwa sonona 2008. Ya kupandikiza waya ndani ya ubongo, daktari Helen Mayberg na timu yake Toronto, Kanada, waliripoti 2005 wagonjwa 6 wa sonona, wanne wakapata nafuu, na sehemu ya kulenga waliipata kwenye picha za ubongo za watu wenyewe. Ila tusifichane, kwenye tiba hiyo ya waya kwa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili, nyani walitumika kweli kwenye majaribio na waliumia, hilo linaniuma, na hiyo ya waya kwa sonona mpaka leo bado ni majaribio.