Samaki wanatweta alfajiri, mchana wazima: tatizo ni nini?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nipo Shangani, Mtwara. Nina tangi la kioo la lita 40 sebuleni, pembeni ya dirisha. Chini nimeweka mchanga wa ufukweni na makome, na nimepanda majani mengi niliyoyachuma mwenyewe kwenye bwawa karibu na mashamba ya mpunga. Ndani wamo gapi (samaki wadogo wa mapambo) 18, wake kwa waume, na perege mdogo niliyepewa na mvuvi. Nikiamka alfajiri nawakuta wote wapo juu wanatweta, lakini ikifika saa tatu wanaogelea kama kawaida. Wiki hii wamekufa watatu. Jirani anasema majani ndiyo yanayowaua, niyang'oe. Nifanyeje?

JIBU: Dada, majani usiyang'oe. Umefanya vizuri sana kuangalia saa, maana saa hizo ndizo zinazosema ugonjwa. Ingekuwa klorini ya maji ya bomba, samaki wangetaabika mara tu unapobadilisha maji. Ingekuwa amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, wangetweta hata mchana, na matamvua yao mara nyingi yangeiva wekundu. Samaki anayetaabika alfajiri tu kisha akapona jua likipanda, amekosa oksijeni.

Majani hutengeneza oksijeni yakiwa kwenye mwanga. Giza likiingia kazi hiyo inasimama, lakini kupumua hakusimami. Usiku kucha samaki, majani na bakteria wa mchangani wanagombania oksijeni ileile, na inayoingia ni kidogo tu kupitia uso wa maji. Inapungua hivyo hadi karibu na macheo. Kwa hiyo jirani hajakosea kabisa, ila majani hayohayo ndiyo yanayonyonya amonia na kuwapa samaki wadogo pa kujificha. Ukiyatoa, utaondoa tatizo la alfajiri na kuleta la mchana.

Joto la kwetu nalo linachangia. Maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yakiwa na nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Wakati huohuo samaki mwenye joto anahitaji oksijeni zaidi. Lita 40 zinazopigwa na jua la dirishani hupata moto upesi mno. Lisogeze tangi mbali na dirisha (lipunguze maji kwanza, kioo kisije kikapasuka) na utumie taa kwa saa 6 hadi 8 kwa siku.

Leo usiku washa pampu ndogo ya hewa, au inua mdomo wa filta ili maji yanayotoka yatikise uso. Kinachosaidia zaidi ni uso wa maji kuchezacheza, kwa sababu hapo ndipo hewa inapoingilia. Kama una majani yanayoelea, yapunguze hadi nusu ya uso ibaki wazi. Umeme ukikatika, chota maji ya tangi kwa kikombe uyamimine tena kutoka juu, rudia kwa dakika kadhaa, hasa kabla ya kulala na ukiamka.

Kisha punguza idadi. Gapi jike huzaa takriban kila wiki nne, na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hivyo kuwatenga madume leo hakuzuii uzazi wa kesho. Baki na madume sita au manane tu. Utawajua kwa pezi la chini nyuma ya tumbo: la dume ni jembamba kama kijiti, la jike limetanuka. Perege mtoe leo. Atakua kuliko kiganja chako, atachimba mchanga na kutafuna majani. Mpe mfugaji mwenye bwawa la perege, na gapi wa ziada wape wenye matangi. Gapi asili yake ni Amerika Kusini, hivyo asimwagwe mtoni wala bwawani.

Makome yatoe pia, kwa kuwa mara nyingi ndani hubaki nyama inayooza, na kuoza kunakula oksijeni. Mchanga wa pwani una vipande vya makombe. Udondoshee maji ya ndimu uone unavyotoa povu. Hufanya maji kuwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Gapi hilo halimsumbui, ila usije ukanunua neoni, samaki mdogo wa Amazon aliyezoea maji laini, ukamtia humo.

Kuna jambo linalonipa wasiwasi kuliko samaki wote hao. Mikoa yetu ya Mtwara na Lindi ina kichocho cha mkojo, na konokono wanaokieneza hukaa kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga kama hayo uliyochumia. Kabla ya kutia mkono tena kwenye tangi, vaa glavu ndefu za mpira, geuza kila jani, futa utando laini wa mayai na toa kila konokono. Mshike mmoja, ncha ya gamba ikiwa juu na mlango ukikutazama. Mlango ukiwa upande wa kushoto, huenda ni wa jamii inayobeba kichocho. Hata ukiwa kulia usimwache, maana wapo wengine wenye magamba bapa ambao kipimo hiki hakiwafai. Watumbukize wote kwenye maji yanayochemka. Endelea kukagua majuma kadhaa, kwani mayai huanguliwa baadaye.

Na kwa kuwa uliingia bwawani mwenyewe, nenda kituo cha afya, waeleze hivyohivyo, wakupime mkojo. Usisubiri kuona damu. Dawa yake, praziquantel, ipo.