Zombieland ya 2009 na ile ya 2019: jibu kwa aliyeuliza kama zinalingana

Mkuu, umeuliza kama Zombieland: Double Tap inaifikia ile ya kwanza. Haiifikii, ila itazame. Zote ni filamu za vichekesho kuhusu watu wanne wanaojiita kwa majina ya miji, wakijaribu kunusurika Marekani iliyojaa mazombi, yaani maiti wanaokula watu. Nimezirudia zote mbili wiki iliyopita, kwa hiyo bado ziko kichwani. (Natoboa siri za filamu zote mbili.)

Wengi watakwambia ya kwanza inabebwa na vichekesho: kanuni za kunusurika za Columbus, kijana msimulizi, zinazojitokeza kwenye skrini, mwenzake Tallahassee kuhangaika kutafuta Twinkies (keki ndogo za krimu) huku dunia imekwisha, mwigizaji Bill Murray, akijiigiza mwenyewe, kujipodoa kama zombi ili aweze kutoka nje. Mimi nasema inabebwa na Buck. Muda wote Tallahassee anamlilia Buck, na sisi tunaamini alikuwa mbwa wake mdogo. Halafu wako sebuleni kwa Murray wanacheza Monopoly kwa pesa halisi, ndipo Columbus anang'amua kwamba Buck alikuwa mtoto wa kiume wa Tallahassee. Jitu lile linalia, linafuta machozi kwa noti za dola. Mara ya kwanza niliitazama na kaka yangu chumbani kwake chuoni, tukicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tulipofika hapo kaka akasimamisha filamu, akakaa kimya kidogo. Tangu dakika ile tuliwaogopea wote wanne.

Hicho ndicho ninachokikosa kwenye ya pili. Mkurugenzi ni yuleyule, Ruben Fleischer, na waigizaji wote wanne wamerudi baada ya miaka 10, Emma Stone, anayemwigiza Wichita, akiwa ameshabeba Oscar. Wanaishi Ikulu ya Marekani, Wichita anakimbia baada ya kuchumbiwa na Columbus, mdogo wake Little Rock anaondoka na kijana mpiga gitaa asiyetaka silaha. Kuna mazombi wapya wasiokufa upesi. Lakini hakuna jeraha chini ya kicheko. Kule Babylon, kambi ya watu walioyeyusha bunduki zao, kundi kubwa la mazombi linavamia na mimi sikumhofia mtu hata mmoja. Linganisha na ya kwanza: zombi mmoja tu, aliyevaa kama mchekeshaji wa sarakasi, na Columbus anayeogopa wachekeshaji hao kuliko kitu chochote, anavunja kanuni yake ya kutojifanya shujaa. Mmoja yule alinitoa jasho.

Iliponishika kweli ni kwa Madison, msichana aliyenusurika kwa kuishi ndani ya jokofu la duka. Zoey Deutch anamfanya mjinga bila kumfanya wa kudharauliwa, na kila akitokea filamu inapata pumzi. Pia lile pambano la hotelini kwa Nevada, mwanamke anayeendesha hoteli hiyo, kamera inazunguka vyumba kwa vyumba kama haijakatwa hata mara moja. Nimelirudia mara tatu.

Majina yakianza kupita usizime. Murray anarudi, na tunaoneshwa siku yenyewe mazombi walipoanza.