Kabla hujamlaumu mwenzako kwa kutoandika kwenye hati ya pamoja

Mwaka wa pili chuoni nilikuwa kiongozi wa kikundi cha watu sita. Ripoti yetu ya kwanza ilizunguka kwa barua pepe, huyu kaongeza aya, yule karekebisha toleo la juzi, na usiku wa kuwasilisha tukajikuta na mafaili manne, yote yanaitwa "ya mwisho". Kazi iliyofuata nikafungua hati kwenye Google Docs, ambako wote huandika ukurasa mmoja mtandaoni na kila mtu huonekana kwa kishale cha rangi yake, nikatuma kiungo kwenye kundi letu la WhatsApp, nikajua tumepona. Siku tano zikapita, ukurasa mtupu. Kilichokuwepo ni kichwa cha habari nilichokiandika mwenyewe.

Nikadhani ni uvivu. Kumbe mmoja wetu, hodari kuliko sote, alikuwa anaandika sehemu yake pembeni, kwenye simu. Nilipomuuliza akasema, "Nikiona vishale vyenu vya rangi vinapitapita, nahisi mnasoma kila neno ninalokosea." Nilinyamaza kwa muda.

Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alieleza kuwa mtu huikubali teknolojia akiona itamfaa na haitamsumbua kuitumia. Ni kweli kabisa. Ila kwa kazi ya kikundi mimi naongeza la tatu, tena nalipa uzito kuliko hayo mawili: awe huru kukosea mbele ya wenzake.

Kwa hiyo usianze kwa kuwagawia watu kurasa. Weka rasimu yako mwenyewe, mbichi, yenye makosa, uwaombe waikosoe kwa maoni ya pembeni. Anayeogopa kuandika aya nzima haogopi kuuliza, "Hapa ulimaanisha nini?" Kwetu maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyouamsha ukurasa.

Pia waonyeshe mapema historia ya matoleo, yaani kumbukumbu ya mabadiliko ya hati. Wengi hawajui kwamba kilichofutwa kinarudishwa, na hofu ya kuharibu kazi ya mwenzio si ndogo. Historia hiyohiyo inaonyesha nani kaandika nini, lakini tafadhali usiigeuze fimbo wiki ya kwanza.

Mwenye bando la kubahatisha mfundishe kuihifadhi hati kwenye simu, aandike bila intaneti. Akiunganishwa, maneno yake yataingia yenyewe.

Yule hodari wetu aliendelea kuandika kwake kwanza, kisha anabandika. Tulimwachia.