Maswali ya wasomaji: Kelele za jirani, leseni na desibeli

Safari hii tumechagua barua za kelele tu. Majina ya walioandika tumeyaacha, kwa sababu majirani zao nao wanasoma gazeti.

Nyumba yangu ipo Nkuhungu, ukuta kwa ukuta na grosari iliyogeuka baa. Ijumaa hadi Jumapili muziki unapigwa mpaka saa 9 usiku, spika mbili zimewekwa barazani. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akanijibu kwamba yule bwana ana leseni. Nifanyeje? — Mama, Nkuhungu, Dodoma

Mama, leseni ya vileo inamruhusu kuuza bia. Haimruhusu kukukesheza. Kelele zina kanuni zake: zile za viwango vya udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Humo mchana unahesabiwa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, na usiku ni kuanzia saa 4 hadi saa 12 asubuhi. Eneo la makazi lina ukomo wa desibeli (kizio cha kupimia ukali wa sauti) 50 mchana na 35 usiku. Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani ni 55 na 45. Hospitali na maktaba ni 45 na 35.

Mwenye baa atadai mtaa wenu ni wa mchanganyiko. Usibishane naye. Swali hilo linajibiwa na mchoro wa mipango miji na matumizi yaliyoandikwa kwenye hati ya kiwanja, na vyote viwili viko jiji. Kama kiwanja kimeandikwa makazi na hakuna kibali cha kubadili matumizi, ana tatizo la pili ambalo halihitaji kipimo cha sauti kulithibitisha.

Hata akipewa hizo 45, kwa spika za nje hawezi kushuka hadi hapo. Chukua spika inayotoa desibeli 95 ukiwa mita 5 mbele yake, sauti ya kawaida kabisa kwa baa. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili sauti inashuka kwa desibeli 6 tu. Mita 10 ni 89, mita 20 ni 83, mita 40 ni 77, mita 80 ni 71. Ukiendelea hivyo utavuka kilomita nzima kabla ya kuikuta 45. Nyumba na miti vitapunguza kiasi, lakini usiku wa Juni na Julai hali inageuka: ardhi ya Dodoma inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa ikipaa mchana inakunjwa kurudi chini. Ndiyo maana watu wa mbali wanasikia maneno ya wimbo wakati huo.

Sasa hatua. Anza na daftari, siyo barua. Kila usiku andika tarehe, saa muziki ulipoanza, saa ulipoisha, na kilichosikika ndani ya chumba cha kulala madirisha yakiwa yamefungwa. Wiki 3 au 4 zinatosha. Kisha andika barua kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa, nakala kwa Mtendaji wa Kata na kwa Afisa Mazingira wa Jiji. Ambatisha ukurasa wa daftari. Majirani wasaini kwa majina, namba za nyumba na simu. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri hukuiandika.

Malalamiko mengi yanakufa hapa: afisa anakuja Jumanne saa 5 asubuhi, anakuta kimya na mhudumu anafagia, anaandika kwamba hakuna kelele. Kwa hiyo barua itaje saa: "Tunaomba ukaguzi Ijumaa au Jumamosi, kati ya saa 5 usiku na saa 7 usiku." Jiji likikaa kimya, nakala ile yenye muhuri ndiyo unayoipeleka ofisi ya kanda ya NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambayo ipo hapa hapa Dodoma.

Mlango wa tatu watu wengi hawaujui. Leseni ya vileo hukatwa kila baada ya miezi 6, na inatolewa na halmashauri yenyewe. Kabla hajahuisha, weka barua ya pingamizi kwenye ofisi ya biashara ya jiji, na daftari lako liwe kiambatisho. Uliza pia ana leseni ya aina gani na saa zake za kuuza ni zipi. Mfanyabiashara ambaye hakutishika na mgambo husikiliza vizuri sana leseni inapokuwa mezani.

Usiku wenyewe, vurugu ikizidi, piga simu polisi. Ila jua kwamba polisi watazima muziki wa usiku ule tu. Na usiende baa kugombana saa 8 usiku. Anayefunguliwa jalada hapo anaweza kuwa wewe.

Nimepakua programu ya kupima sauti kwenye simu, imenionyesha 68. Je, ni ushahidi? — Msomaji, Ilazo

Ni dalili nzuri, ushahidi hafifu. Simu haijasawazishwa. Kipimo rasmi kabla ya kazi hufungwa kifaa kidogo kinachotoa sauti inayojulikana, kwa kawaida desibeli 94, na namba isipokaa hapo kinarekebishwa. Kipaza sauti cha simu kimetengenezwa kwa ajili ya maongezi, hivyo simu mbili zikiwekwa sehemu moja zinaweza kupishana kwa desibeli kadhaa.

Kingine ni upepo. Dodoma upepo wa kiangazi ukipuliza moja kwa moja kwenye simu, namba inapanda hata kama hakuna anayezungumza. Vipimo vya kweli huvaa sponji. Ukitaka namba yenye maana, simama mita 3 au zaidi kutoka ukutani, simu kwenye kimo cha kifua, usiku usio na upepo, dakika 5 mfululizo. Kisha rudia muziki ukiwa umezimwa. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo linaloeleza kitu. Likiwa desibeli 10 au zaidi, kelele ni ya jirani bila shaka. Likiwa chini ya 3, huwezi kumtofautisha yeye na mbwa, malori ya barabarani na jenereta la duka la mbele.

Tahadhari juu ya besi: vipimo vingi huonyesha desibeli A, ambazo hupunguza sauti nzito kwa kufuata sikio la binadamu. Dirisha linaweza kutetemeka na namba ikabaki ya wastani. Andika kwenye daftari kwamba vioo vinatetemeka, maana kanuni hizo hizo zinahusu mitetemo pia.

Mwezi ujao tunamwoza binti nyumbani, Kikuyu. Tunahitaji kibali cha muziki? — Baba wa bibi harusi

Hongera, mzee. Ndiyo: nenda kwa Mtendaji wa Mtaa, naye atakuelekeza kata, wiki 2 kabla. Taja tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya wageni, na kama barabara itafungwa kwa turubai. Saa ya kumaliza iliyoandikwa kwenye kibali ndiyo sheria yako. MC akitaka kuongeza, mwonyeshe karatasi. Spika zielekezwe ndani ya uwanja, juu ya vichwa vya wageni, siyo kwa jirani. Na mwambie jirani mwenyewe kwa mdomo wako, asisikie kwa spika.

Nina mashine ya kusaga na kukoboa Kibaigwa. Majirani wananilalamikia, wanasema nyumba zao zinatetemeka. Sitaki kufungiwa. Nirekebishe nini? — Msagaji

Swali letu tunalolipenda kuliko yote. Tenganisha mambo mawili, sauti na mtetemo, kwa sababu dawa zake ni tofauti na fundi wa moja si lazima awe wa nyingine.

Mtetemo kwanza. Fungua kinu utazame nyundo. Zikilika bila kulingana, au ukibadilisha moja iliyovunjika na kuziacha kuukuu zilizobaki, mhimili unazunguka ukiwa umeelemea upande mmoja, na kila mzunguko ni pigo kwenye sakafu. Badilisha seti nzima. Ukishindwa, badilisha mbili zinazotazamana, na uzipime kwenye mizani ya duka zilingane. Kisha angalia beringi na mkanda. Mkanda uliolegea unapiga kelele ya kulia na kula nguvu ya mota.

Baada ya hapo, msingi. Mashine nyingi zimefungwa kwa bolti kwenye sakafu ile ile inayobeba kuta, na kuta zimeshikana na za jirani. Kata sakafu kuzunguka mashine, mimina tofali moja zito la zege lenye uzito angalau mara 3 ya mashine na injini yake, uache mwanya wa sentimita 5 kati yake na sakafu. Mwanya huo usiujaze zege, ndiyo kosa la mafundi wengi: wanauona kama uchafu, wanauziba, kazi yote inarudi ilipoanzia. Ujaze mchanga mkavu. Chini ya miguu ya mashine weka vipande vya mpira mnene, wa tairi la lori unafaa, na usikaze bolti kupita kiasi hadi mpira ukabanwa kabisa.

Sauti sasa. Kama ni injini ya dizeli, eksozi ndiyo mkosaji wa kwanza. Weka salensa nzima, bomba lipande juu ya paa na mdomo wake usielekee nyumba ya mtu. Mota ya umeme ikipatikana, nusu ya ugomvi imekwisha. Ukuta wa upande wa jirani uwe wa tofali lililopigwa lipu pande zote, ufike hadi kwenye bati. Ile nafasi chini ya paa inayoachwa kwa ajili ya hewa ndiyo inayoharibu ukuta: tundu la asilimia 1 tu ya ukuta linatosha kufanya ukuta usizuie zaidi ya desibeli 20, hata ungekuwa mnene kama wa boma. Hewa unaihitaji, vumbi la unga na joto si mchezo, basi weka madirisha upande wa barabara au wa shamba. Turubai na magunia havizuii kitu. Vinapunguza mwangwi ndani, basi.

Eneo la makazi lenye viwanda vidogo lina ukomo wa desibeli 60 mchana na 50 usiku, hivyo saga mchana. Vijana wako wavae vizibo vya masikio: kwenye desibeli 85 mtu anakaa saa 8, kwenye 88 saa 4 tu, na kinu kinavuka hapo kirahisi.

Nyumba ya ibada jirani yetu ina spika za nje, na mikesha yao ni kila wiki. Tunaogopa kuonekana tunapinga dini. — Wapangaji, Chang'ombe

Kanuni hazichagui, sauti ya ibada hupimwa kama sauti nyingine. Lakini hatuwashauri kuanza na barua. Nendeni watu wawili watatu, ikiwezekana na muumini wao mmoja, kwa kiongozi, mchana, na muombe jambo moja dogo: usiku wa mkesha spika za nje zizimwe, za ndani zibaki. Waliokwenda kusali wako ndani. Ombi la namna hiyo hukubaliwa mara nyingi kuliko "punguzeni kelele", kwa sababu linatekelezeka kwa kuchomoa waya mmoja na kila mtu anaona kama limetekelezwa. Likishindikana, njia ni ile ile ya mtendaji na afisa mazingira.

Mimi ni mwenyekiti wa kijiji wilayani Bahi. Vibanda vya video na muziki vimezidi. Tunaweza kutunga sheria yetu? — Mwenyekiti

Mnaweza, ndugu mwenyekiti. Kijiji kina mamlaka hayo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Wenzenu wa mitaa ya mjini hawana; wao hutumia sheria ndogo za jiji au manispaa.

Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mnaipeleka mkutano mkuu wa kijiji, maoni yanaandikwa kwenye muhtasari pamoja na mahudhurio yaliyosainiwa, kisha inapita kata na kupelekwa halmashauri ya wilaya iidhinishwe na madiwani. Kabla ya idhini hiyo, faini yoyote mtakayotoza haina miguu mahakamani. Mwombeni mwanasheria wa halmashauri aisome mapema, siyo mwisho.

Rasimu nyingi hurudishwa kwa sababu zimeandika "ni marufuku kupiga kelele nyingi". Nyingi ni ngapi? Kijiji hakina kipimo cha desibeli, hivyo tumieni maelezo ambayo mgambo anaweza kuyathibitisha kwa masikio yake: "sauti ya chombo chochote inayosikika wazi ndani ya nyumba ya mtu mwingine, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi." Orodhesheni yasiyohusika: msiba, dharura, mbiu ya mkutano, ngoma za jadi na sherehe zenye kibali cha kijiji. Wekeni onyo la maandishi kabla ya faini. Faini iwe kiasi kilichotajwa, ilipwe kwa stakabadhi ya serikali. Na andikeni ni nani anayekamata kifaa, kinatunzwa wapi na kinarudishwa lini, kwa sababu spika iliyokamatwa ikaonekana nyumbani kwa mgambo siku ya harusi itaiua sheria hiyo ndani ya wiki.