Nyamazisha Ubao Kwanza, Mengine Baadaye

Juzi nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Kigamboni: "Shikamoo kaka. Nimetengeneza spika za ubao wazi, sauti imefunguka vizuri, ila mtangazaji wa redio anasikika kama ana mafua, na besi inang'ang'ania noti moja tu. Jamaa wamenishauri ninunue spika za bei zaidi. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Usinunue kitu. Weka pesa mfukoni, chukua mkono wako, uweke kwenye ubao huku redio inaongea. Ukisikia ubao nao unaongea, umeshampata mgonjwa.

Kwa walioingia leo, tuelewane kidogo. Koni ya spika, ile sehemu inayocheza, inatoa sauti mbele na nyuma, na hizo sauti mbili zinapingana. Boksi lipo ili kuificha ile ya nyuma. Sisi wa ubao wazi, yaani spika iliyowekwa kwenye ubao mtupu bila boksi, tunaiachia. Sauti za juu ubao unazitenganisha bila shida, lakini wimbi la besi la 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde) lina urefu wa karibu mita 7, na ubao wa nusu mita hauwezi kulizuia lisizunguke likafuta la mbele. Ndiyo maana besi inapungua kwa desibeli 6 kila ukishuka oktavi moja, yaani kila Hz zikipungua nusu. Unachopata badala yake ni muziki usio na boksi ndani yake. Pembeni mwa ubao, mbele na nyuma zinapofutana, panabaki kimya kiasi kwamba kuta za kushoto na kulia za sebule haziingilii sana. Gitaa la rithimu la muziki wa dansi ukilisikia hivyo mara moja, kurudi nyuma ni kazi.

Mimi nilipoweka picha ya spika zangu kwenye kundi moja la wapenda muziki hapa mjini, mtu mmoja aliuliza kama nimeng'oa mlango wa choo. Watu walicheka siku nzima. Wengine niliosoma nao, wengine nimewatengenezea amplifaya bure kabisa, nao wakaweka vikaragosi vya kucheka. Sikujibu. Ila sitadanganya, liliniuma, na bado linaniuma kidogo hata nikiandika hapa. Mwezi uliopita huyohuyo wa mlango wa choo alikuja kwangu Tabata na shemeji yake, akakaa kwenye kochi, nikamwekea taarabu ya zamani. Alinyamaza wimbo mzima. Mwisho akauliza bei. Nilimtajia. Hakuomba kupunguziwa, na hata angeomba nisingempunguzia.

Sasa turudi kwenye ubao. Watu wanadhani kwa kuwa hakuna boksi, basi hakuna cha kutetemeka. Ni kweli hakuna hewa iliyobanwa inayosukuma kuta. Lakini koni inaposukumwa mbele, sumaku na fremu vinasukumwa nyuma kwa nguvu ileile. Newton aliliandika hilo mwaka 1687. Fremu umeikaza kwa skrubu kwenye ubao, kwa hiyo ubao unapokea kila teke. Na ubao una eneo kubwa kuliko koni mara kadhaa, hauhitaji kucheza sana ili usikike. Mbaya zaidi, kila ubao una noti zake unazozipenda. Muziki ukigusa noti hiyo, ubao unaendelea kuimba wakati spika imeshanyamaza. Nyingi za noti hizo zinaangukia humohumo kwenye sauti ya binadamu. Hayo ndiyo mafua ya mtangazaji wako.

Fundi seremala wa Keko atakwambia tumia mninga, mninga hauchezi. Mheshimu, lakini usimsikilize katika hili. Mninga ndio mti huohuo ambao Zimbabwe wanauita mukwa na wanauchongea funguo za marimba. Mbao inayolia vizuri kwenye marimba ndiyo hasa usiyoitaka kubeba spika. MDF, ile mbao ya kiwandani ya nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, inanyamaza vizuri zaidi, ila kwa unyevu wa Dar ikikosa rangi kingo zinavimba. Mimi natumia plaiwudi, basi.

Kupima ni rahisi. Pakua kwenye simu programu yoyote inayotoa mlio mmoja unaopanda taratibu, uanzie 40 Hz hadi 400 Hz, sauti ya kawaida ya sebuleni. Mke wangu ni nesi, kwa hiyo mimi naazima stetoskopu yake (akiwa hajaenda zamu). Natembeza kile kiduara juu ya ubao polepole, na penseli mkononi. Panaponguruma naandika namba ya mlio palepale kwenye mbao. Kwenye ubao wangu wa kwanza sehemu ya katikati chini ya spika ilijaa namba, wakati pale kwenye miguu palikuwa peupe kabisa. Ukiona ramani hiyo huhitaji kuambiwa taruma, yaani kipande cha mbao cha kuukaza ubao, likae wapi. Usipokuwa na nesi nyumbani, ncha za vidole zinatosha.

Tiba ni tatu, na watu wengi wanaishia ya kwanza. Ya kwanza ni kuukaza: ongeza unene, weka mataruma nyuma, weka mabawa pembeni. Ugumu wa ubao unakwenda kwa kipeo cha tatu cha unene, yaani ukizidisha unene mara mbili ugumu unapanda mara nane. Sawa, lakini hapo umeihamisha noti ikapanda juu, hujaiua. Ya pili ni kuuchosha: vipande viwili vya plaiwudi na katikati kitu laini kinachokula mtikisiko, kama zile karatasi za lami wanazobandika mafundi wa magari ndani ya milango. Gongesha kidole kabla na baada, utajisikilizia mwenyewe.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, na ndiyo iliyonipa heshima yangu. Usiikaze spika kwenye ubao kabisa. Nilikwenda mtaa wa Gerezani kwa fundi wa kuchomelea, akanitengenezea stendi ya chuma yenye mkanda wa kuishika sumaku kwa nyuma. Spika inasimama kwenye stendi, ubao unasimama kwa miguu yake, na kati ya fremu na ubao kuna uwazi wa milimita chache uliojazwa sponji laini. Teke la sumaku linaishia kwenye chuma na sakafu. Ubao unabaki na kazi moja tu, kutenganisha hewa. Siegfried Linkwitz, Mjerumani aliyefanya kazi Hewlett-Packard kule Marekani na kufariki mwaka 2018, kwenye spika zake za LX521 aliubeba ubao wa juu kwa daraja lisilogusa sehemu ya besi, kwa sababu hiyohiyo. Huyo ni mtu ambaye krosova, ile saketi inayogawa sauti za juu na za chini kwa spika tofauti, inabeba jina lake. Kama yeye alihangaika na mtikisiko, wewe na mimi ni nani tuupuuze?

Vijana wenzangu, tuna ugonjwa wa kununua. Sauti ikiwa mbaya tunakimbilia Kariakoo. Muuza duka anakuonyesha sumaku kubwa, unaona umepata, kumbe spika nyingi za jukwaani zenye sumaku nzito zimetengenezwa kwa ajili ya boksi, na kwenye ubao wazi besi yake inakuwa nyembamba zaidi. Gonga ubao kwanza. Sikiliza ubao kwanza. Nasema tena kwa sababu najua kesho mtu ataniuliza spika gani ni nzuri.

Ukimaliza ubao, sogeza spika mbali na ukuta wa nyuma, mita moja kama sebule inaruhusu. Na ekwalaiza usiitumie kwa hasira kupandisha besi. Kwenye ubao wazi, kutoa sauti yenye nguvu ileile oktavi moja chini kunadai koni icheze mara nane zaidi, na koni ina mwisho wake. Chini ya 80 Hz waachie sabufa yenye boksi, ile ya zamani ambayo bado ipo chumbani kwa watoto.